Mchi wa Nyumba ya Pazi

Wakili wa Serikali aliuliza tena, akitembea:
"Shahidi wa tisa, ni yeye au si yeye?"
Feni ilikuwa imekufa tangu asubuhi.
Upepo wa Kivukoni uko nje, sisi tuko ndani,
na mchi uko mezani, ndani ya mfuko wa khaki,
lebo nambari tano, mwandiko wangu mwenyewe.

Mheshimiwa Jaji, nilitaka kusema,
umewahi kupanga Buguruni?
Vyumba sita, kuta zisizofika paani.
Usiku umelala chali, unasikia watu wakizungumza.
Wangapi? Watatu, unadhani.
Labda wanne, mmoja ananong'ona.
Mwenye sauti kubwa unamjua, huyo anawafunika wenzake.
Kisha neno moja linavuka ukuta: "kesho."
Nani kalisema?
Ndugu wa tumbo moja hukohoa namna moja.
Na neno lile lingine, pengine,
lilikuwa la redio ya jirani.

Ndivyo vinasaba vinavyosema ndani ya mchi.
Sauti kubwa ni ya marehemu, Bi Mwanaidi Pazi:
damu yake, kutoka kichwani mwa mchi hadi katikati.
Chini ya sauti hiyo kuna viganja,
vilele vifupi kwenye grafu, vingine
hata sina hakika kama ni vilele au ni mashine inapumua.

Na mchi huazimwa.
Asubuhi uko kwa Mama Tatu, jioni unarudi
na ukoko wa karanga.
Jumapili ile Abeli Hokororo, wa chumba cha nyuma,
alimtwangia mwenye nyumba kisamvu.
Kasema mwenyewe, na hakuna aliyebisha.
Bi Mwanaidi aliuawa Jumanne.
Mchi haujui Jumapili wala Jumanne.

Mwezi wa saba niliandika hivi:
*Hawezi kuondolewa miongoni mwa waliochangia.*
Maneno matano, niliyapima kama dawa.
Gazeti likayafanya mawili: VINASABA VYAMNASA.

Nilikuwa nimepiga hesabu kwa watu watatu.
Mara mia nne na ushee.
Rweyongeza, aliyeletwa na utetezi,
akapiga kwa wanne: mara sita.
Karatasi ileile, vilele vilevile.
Nilimkasirikia wiki nzima.
Kisha usiku mmoja, maabara tupu, jokofu likiguruma,
nikarudia kwa wanne.
Nikapata saba.

"Mara mia nne," alisema wakili, akiigeukia hadhira,
"yaani mara mia nne kwamba ndiye muuaji?"

Hapana. Hapana, wakili.
Mia nne ni kusema: vilele hivi vinaeleweka zaidi
kama kiganja chake kimo, kuliko kama ni cha mpita njia.
Haisemi kiganja kilikuwa kinafanya nini.
Na mia nne yenyewe inasimama juu ya neno "watatu,"
na hilo neno
nililichagua mimi.

Ukumbini, wakati wa mapumziko, mama yake Abeli
aliyetoka Nachingwea na basi la usiku
aliniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia nauli:
"Mwanangu, mashine imesema nini?"
Siruhusiwi kuzungumza naye. Nikatazama viatu vyangu.
Upande wa pili binti wa marehemu
alikuwa akinitazama pia.

"Shahidi," akasema Jaji, "jibu swali.
Ni watatu au wanne?"
"Sijui, Mheshimiwa."
Karani akainua kalamu. "Niandike hivyohivyo?"
"Andika."

Jioni, Tabata, jirani kabisha hodi:
mgeni kaja ghafla, anaomba mchi.
Nikampa. Nikabaki mlangoni nikihesabu:
mimi, yeye, dada wa kazi,
mdogo wangu aliyepita wakati wa Idi,
na yule fundi, sijui wa wapi,
aliyeuchonga.